Mkwawa wa Uhehe na Makumbusho ya Kalenga

1. Nyumba ndogo



Katika mkoa wa Iringa kuna kijiji kinachoitwa Kalenga. Kutoka Iringa mjini mpaka Kalenga ni karibu kilomita 15. Kijijini hapo kuna nyumba ndogo ya kumbukumbu. Ndani ya nyumba hiyo mna mikuki, ngao, marungu na bunduki za zamani. Mna pia sanduku la kioo. Ndani ya sanduku hilo mna fuvu la kichwa cha mtu.

Wenyeji watakuambia kwamba fuvu hilo ni la Mkwawa, chifu mkuu wa Wahehe. Mkwawa alikufa mwaka 1898. Lakini fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954. Miaka mingi lilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari.

Huenda wewe unaishi Dumila, au Magole, au Msowero, au kijiji kingine cha wilaya ya Kilosa. Huenda utajiuliza, mambo ya Uhehe yananihusu nini mimi? Yanakuhusu. Soma habari hii mpaka mwisho, nawe utaona.

2. Karatasi ya Msowero

Njia panda ya Dumila unaijua. Barabara moja inatoka Morogoro. Ya pili inakwenda Dodoma. Ya tatu inakwenda Kilosa. Ukishika hii ya Kilosa, utapita Msowero. Habari yetu inaanzia hapo.

Tarehe 29 Novemba 1884, Mjerumani mmoja aliyeitwa Carl Peters alikuwa Msowero. Alikutana na mtawala wa hapo, Mangungo. Peters alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani. Karatasi ilisema kwamba Mangungo anatoa nchi yake yote kwa chama cha Wajerumani, waitumie wapendavyo. Mangungo hakujua Kijerumani. Hakuweza kuisoma karatasi ile. Alitia alama yake.

Peters alikusanya karatasi za namna hiyo katika Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami. Alizipeleka Ujerumani. Mwezi Februari 1885, serikali ya Ujerumani ilizikubali. Tangu siku hiyo Wajerumani walisema kwamba nchi hizi ni zao.

Fikiri, ndugu msomaji. Watu walikuwa wakilima mashamba yao kama kawaida. Hawakujua kwamba nchi imekwisha andikwa kwa jina la mtu mwingine.

Kusini-magharibi ya Usagara ni Uhehe. Huko alitawala Mkwawa. Yeye hakutia alama katika karatasi ya Peters. Ilikuwa lazima siku moja yeye na Wajerumani wakutane.

3. Mtoto wa Munyigumba

Mkwawa alizaliwa karibu na mwaka 1855. Jina lake refu ni Mkwavinyika. Watu walilifupisha wakamwita Mkwawa.

Baba yake aliitwa Munyigumba. Zamani Wahehe hawakuwa na mtawala mmoja. Kila kilima kilikuwa na mkubwa wake. Munyigumba aliwaunganisha wengi wao, baadhi kwa maelewano na baadhi kwa vita. Akawafundisha vijana kupigana kwa pamoja, kwa mikuki na ngao.

Munyigumba alikufa mwaka 1879. Baada ya kifo chake ulitokea ugomvi wa urithi. Mkwe wake aliyeitwa Mwamubambe alitaka kutawala. Mkwawa alikimbilia Ugogo kwanza. Kisha alirudi na watu wake, akampiga Mwamubambe, akashika nchi.

Mkwawa aliendeleza kazi ya baba yake. Alipigana na Wasangu na Wangoni. Aliongeza nchi yake. Pale Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, alijenga ngome kubwa ya mawe na udongo. Kazi hiyo ilichukua miaka kadhaa. Urefu wa kuta zake ulifika karibu mara mbili ya kimo cha mtu. Ngome hiyo iliitwa Lipuli. Kwa Kihehe ngome ni lilinga, na kutoka neno hilo lilipatikana jina la Iringa.

4. Vita vya Lugalo

Mwaka 1891 Wajerumani waliamua kumshinda Mkwawa. Walimtuma kamanda wa jeshi lao, Emil von Zelewski. Wenyeji wa pwani walimwita Nyundo. Alikuwa na askari zaidi ya 300, wapagazi wengi, mizinga na bombomu. Bombomu ni bunduki itoayo risasi nyingi mfululizo. Njiani alichoma vijiji vya Wahehe.

Zelewski aliwadharau adui zake. Aliona kwamba watu wenye mikuki hawawezi kushindana na mizinga.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, jeshi lake lilikuwa likipita mahali paitwapo Lugalo. Askari walikuwa katika mstari mrefu, mmoja nyuma ya mwingine. Pande zote palikuwa na majani, vichaka na mawe. Ndani yake Wahehe walikuwa wamejificha. Walikuwa kama 3,000. Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alikuwa mmoja wa viongozi wao.

Ghafula Wahehe walitoka mafichoni. Askari wengi hawakupata nafasi ya kutumia bunduki zao. Mapigano makali yalikwisha kwa muda mfupi. Zelewski aliuawa. Wazungu 10 walikufa, pamoja na sehemu kubwa ya askari na wapagazi. Wahehe walichukua bunduki nyingi.

Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama. Wahehe wengi nao walikufa, wengine siku ile ile, wengine baadaye kwa majeraha. Inasemekana kwamba Mkwawa alipopewa hesabu ya watu wake waliokufa, alikataza watu wasilie matanga hadharani, ili adui asijue hasara yake.

Siku hizi mnara wa kumbukumbu umesimama Lugalo, karibu na barabara kuu ya Morogoro na Iringa. Ukisafiri kwa basi kwenda Iringa, ukishapita Ilula, angalia nje.

5. Vita vyafika Kilosa

Sasa tunarudi karibu na kwetu. Wajerumani walikuwa na kituo cha askari mahali palipoitwa Kondoa, katika Usagara, karibu na Kilosa. Usichanganye na Kondoa ya mkoa wa Dodoma. Mwezi Oktoba 1892, Wahehe walikishambulia kituo hicho, wakawaua askari wake.

Hapa inafaa tuseme kweli yote. Wahehe hawakupigana na Wajerumani tu. Kabla ya Wajerumani na hata walipokuwapo, Wahehe walishambulia Usagara mara kwa mara. Walichukua ng'ombe. Walichukua watu. Misafara ya biashara ilishambuliwa njiani. Kwa hiyo watu wengi wa Usagara walimwogopa Mkwawa kuliko walivyowaogopa Wajerumani. Walioiona bendera ya Wajerumani kuwa ngao yao hawakuwa wajinga wala wasaliti. Walikuwa wakitafuta usalama wa watoto wao.

Tutalirudia jambo hili. Liweke moyoni.

6. Ngome yaanguka

Wajerumani walijiandaa kwa miaka mitatu. Mwezi Oktoba 1894, gavana wao von Schele alifika mbele ya ngome ya Kalenga na jeshi kubwa na mizinga. Mkwawa aliitegemea ngome yake. Hakuyashambulia majeshi njiani kama Lugalo. Alingoja ndani ya kuta.

Hilo lilikuwa kosa. Ukuta wa mawe huzuia mkuki na mshale. Hauwezi kuzuia mizinga siku nyingi. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliingia ndani. Walipigana nyumba kwa nyumba mpaka Kalenga ikatekwa. Walikuta pembe nyingi za ndovu na baruti nyingi. Lakini Mkwawa mwenyewe hawakumkuta. Alikuwa ameponyoka.

7. Miaka minne ya kuwindwa

Tangu hapo Mkwawa hakuwa na ngome wala mji. Alihama kutoka msitu hadi msitu na kutoka mlima hadi mlima. Leo yuko hapa, kesho hayupo. Watu walimletea chakula kwa siri. Waliokamatwa kwa kumsaidia waliadhibiwa vikali, na mashamba yao yaliharibiwa. Hata hivyo wengi hawakumtaja.

Mwaka 1896 Wajerumani, chini ya Tom von Prince, walijenga boma jipya mahali ambapo leo ni Iringa mjini. Walimweka Mpangile awe mtawala badala ya ndugu yake. Hazikupita siku nyingi wakashuku kwamba Mpangile anamsaidia Mkwawa kwa siri. Mwezi Februari 1897 walimwua.

Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa mtu atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Zilikuwa fedha nyingi sana wakati ule.

Mwaka 1898 Mkwawa alikuwa amechoka na mgonjwa. Watu waliobaki naye walikuwa wachache mno. Tarehe 19 Julai 1898, mahali paitwapo Mlambalasi, kikosi kidogo cha askari kilimkaribia. Mkwawa hakutaka kukamatwa. Alijipiga risasi mwenyewe.

Mjerumani mmoja wa kikosi hicho, Merkl, alikata kichwa cha maiti na kukipeleka kwa Prince. Mwili ulizikwa Mlambalasi. Kichwa hakikuzikwa pamoja nao.

8. Safari ya fuvu

Kichwa cha Mkwawa kilipelekwa Ujerumani. Wahehe hawakukisahau. Katika mila zao na za makabila mengine mengi, mtu aliyezikwa bila kichwa hajazikwa sawasawa.

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, Wajerumani walishindwa. Mwaka 1919 ulitiwa sahihi Mkataba wa Versailles. Kifungu cha 246 cha mkataba huo kiliiagiza Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikapita. Miaka ikapita. Fuvu halikuonekana.

Mwaka 1953 gavana Mwingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda katika makumbusho ya mji wa Bremen, Ujerumani. Huko alikuta mafuvu mengi sana ya watu wa nchi mbalimbali. Aliletewa yale yaliyotoka Afrika Mashariki. Vipimo vyake vililinganishwa na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa. Fuvu moja lililokaribiana navyo lilikuwa na tundu la risasi. Ndilo lililochaguliwa.

Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi fuvu hilo Kalenga, kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Watu wengi sana walikusanyika siku hiyo. Baadaye, nchi ilipopata uhuru, Adam Sapi alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Wako wataalamu wa historia waliouliza kama fuvu lile ni la Mkwawa kweli, maana lilichaguliwa kwa vipimo na tundu la risasi tu. Kuuliza hivyo si kumvunjia heshima marehemu. Ndiyo kazi ya historia. Kwa Wahehe, mzee wao amerudi nyumbani. Kwa mtafiti, swali bado lipo. Wewe unaweza kuyajua yote mawili.

9. Ukienda makumbusho

Watu wengine huingia katika nyumba ya kumbukumbu, wakazunguka mara moja, wakatoka. Wameona vitu, lakini hawakujifunza. Ukipata nafasi ya kwenda Kalenga au makumbusho yoyote, fanya hivi:

Kabla ya kwenda, soma au uliza kidogo habari za mahali hapo. Andika maswali matatu katika daftari lako.

Ukifika, lipa kiingilio na upewe stakabadhi. Isome. Msalimu mtunzaji wa nyumba na umwombe akueleze. Usiguse vitu bila ruhusa, kwa sababu vitu vya kale huharibika upesi.

Simama mbele ya kitu kimoja kwa muda. Jiulize: Kitu hiki kimetengenezwa kwa nini? Nani alikitumia? Kilifikaje hapa? Soma maandishi yaliyo kando yake. Hapo ndipo utakapoona faida ya kujua kusoma.

Katika daftari, andika pande mbili. Upande mmoja andika ulichokiona kwa macho yako. Upande wa pili andika ulichoambiwa. Mkuki umeuona. Kwamba ulitumika Lugalo, umeambiwa. Vyote vina faida, lakini si kitu kimoja.

Mwisho, jiulize swali gumu kuliko yote: Ni habari ya nani ambayo haimo katika nyumba hii?

10. Habari ya upande wetu

Hapa ndipo tunaporudia lile jambo nililokuomba uliweke moyoni.

Kalenga utasikia habari za shujaa. Ni habari za kweli. Mkwawa alipigania nchi yake, na alichagua kufa kuliko kufungwa. Watanzania wote wanamheshimu kwa hilo.

Lakini mwanamke wa Usagara aliyenyang'anywa ng'ombe na watoto hakumwona Mkwawa kwa macho hayo. Habari yake nayo ni ya kweli. Tena katika ile nyumba ndogo ya Kalenga hakuna mkuki wala ngao ya kuisimulia. Habari hiyo ilikaa vichwani mwa wazee wa Usagara na Ukaguru, ikapokewa na watoto, ikapokewa na wajukuu. Kila mzee anapokufa, sehemu yake inazikwa naye. Haitatokea makumbusho ya Bremen kuirudisha.

Je, tukiisema habari hii tunamshusha Mkwawa? La. Mtu mkubwa haharibiwi na kweli. Mtu mmoja aweza kuwa mlinzi wa watu wake na hofu ya jirani zake. Aliyesikia upande mmoja tu amejua nusu ya habari. Ugomvi wa zamani wa makabila umekwisha, na leo Mhehe, Msagara na Mkaguru wanakaa benchi moja sokoni Dumila. Kwa sababu umekwisha, tunaweza kuuzungumza bila chuki.

Mkumbuke na Mangungo. Watu wengi humcheka kwa sababu alitia alama katika karatasi asiyoweza kuisoma. Tusimcheke. Hakuna aliyemfundisha kusoma, na aliyeiandika karatasi hakutaka aielewe. Sisi tumepata bahati aliyoikosa. Mtu akikuletea karatasi ya shamba, ya mkopo au ya mkutano wa kijiji, utaisoma kwanza. Usipoielewa, utaacha kutia sahihi mpaka uelezwe.

Bahati hiyo ina kazi ya pili. Anayejua kuandika anaweza kuwa mtunzaji wa kumbukumbu. Huhitaji nyumba wala sanduku la kioo. Huhitaji kusubiri mgeni kutoka mjini. Unahitaji daftari, kalamu na adabu ya kusikiliza.

Jioni hii nenda kwa mzee mmoja wa jirani. Mwamkie. Kaa chini. Mwulize alisikia nini kutoka kwa babu na bibi zake juu ya vita vya Wahehe, juu ya Wajerumani, juu ya Msowero ya zamani. Mwulize pia juu ya jembe la kale, chungu au kinu alichorithi. Andika kama anavyosema, usimsahihishe. Andika jina lake, kijiji chake na tarehe. Akimaliza, msomee ulichoandika, asikie kama umepatia.

Kisha lete daftari hilo darasani. Madaftari ishirini ya darasa moja yakiwekwa pamoja katika kabati ya shule, huo ni mwanzo wa makumbusho ya kijiji chenu.

Mazungumzo ya darasani

1. Kwa nini Mkwawa alishinda Lugalo na kushindwa Kalenga?
2. Mangungo alikosa nini ambacho sisi tunacho leo?
3. Kwa nini watu wa Usagara walimwogopa Mkwawa? Je, mtu anaweza kuwa shujaa kwa watu wake na adui kwa wengine? Toeni mifano.
4. Taja mambo mawili katika habari hii ambayo mtu anaweza kuyaona kwa macho akienda Lugalo au Kalenga. Taja mawili ambayo ataambiwa tu.
5. Kila mwanafunzi ataje kitu kimoja cha kale kilichomo nyumbani kwake, na aeleze kilitoka wapi.